Kurkumini na polipu za utumbo: jinsi matokeo ya wagonjwa 5 yalivyokwama kwa wagonjwa 44

Mwaka 2006 ilichapishwa nchini Marekani taarifa fupi ya wagonjwa 5 ambayo mpaka leo inatumika kuuza vidonge vya manjano. Wagonjwa hao walikuwa na ugonjwa wa kurithi unaojaza utumbo mpana polipu, yaani vinyama vidogo vinavyoota kwenye utando wa ndani wa utumbo. Wote walikuwa wameshafanyiwa upasuaji wa kuondoa utumbo mpana. 4 walibakiwa na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na mmoja alishonewa mfuko uliotengenezwa kwa utumbo mwembamba. Walipewa kurkumini, kemikali ya rangi iliyomo kwenye manjano, miligramu 480 pamoja na kwesetini, kemikali nyingine ya mimea, miligramu 20, mara 3 kwa siku. Baada ya wastani wa miezi 6, idadi ya polipu zao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 60.4 na ukubwa wake kwa asilimia 50.9. Wote 5 walionekana kufaidika, na madhara yalikuwa madogo.

Mwaka 2018 mtafiti mkuu wa kazi ile, Marcia Cruz-Correa wa Puerto Rico, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi kwa ugonjwa uleule. Safari hii wagonjwa walikuwa 44, dawa ilikuwa nyingi maradufu, na ilimezwa kwa mwaka mzima. Tofauti kati ya waliomeza kurkumini na waliomeza kidonge kisicho na dawa haikuonekana.

Taarifa ya kwanza inajulikana na wengi, ya pili na wachache. Kisa hiki kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu kila dondoo la mmea, yaani kemikali iliyokamuliwa kutoka kwenye mmea, linalosifiwa kuzuia saratani ya utumbo mpana litapita njia hii hii, na mahali linapojikwaa huwa ni palepale.

Kwanza ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huu unatokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo APC, iliyo kwenye kromosomu ya 5. Kazi ya jeni hiyo ni kuzuia chembe za utando wa utumbo zisizaliane ovyo. Aliyerithi nakala mbovu huanza kuota polipu akiwa kijana, mamia hadi maelfu, na asipofanyiwa upasuaji karibu kila mgonjwa hupata saratani, wengi wakiwa na umri wa miaka 40 hivi. Humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 10,000 wanaozaliwa.

Kwa nini watafiti wakimbilie ugonjwa adimu kiasi hicho? Kwa sababu unawapunguzia muda. Kwa mtu wa kawaida, polipu huchukua miaka 10 au zaidi kugeuka saratani, na nyingi hazigeuki kabisa. Kupima kama dawa inazuia saratani kwa watu wa kawaida kunahitaji maelfu ya watu na miaka mingi. Kwa mgonjwa wa APC, polipu ziko tayari: unazihesabu leo, unatoa dawa, unazihesabu tena baada ya miezi michache. Isitoshe, saratani nyingi za utumbo mpana za watu wasiorithi kitu chochote nazo huanza na kuharibika kwa jeni hiyohiyo ya APC, ila huharibika ndani ya utumbo baada ya mtu kuzaliwa. Ndiyo maana kinachoonekana kwa wagonjwa hawa hutazamwa kama dalili ya kinachoweza kutokea kwa wengine.

Tahadhari moja ilikuwapo tangu mwanzo. Dawa ya maumivu iitwayo sulindaki ilionyeshwa mwaka 1993 kwamba inapunguza polipu zilizokwisha kuota kwa wagonjwa hawa. Lakini ilipopewa vijana wenye jeni mbovu ambao bado hawajaota chochote, wakafuatwa kwa miaka 4, haikuzuia: matokeo yaliyotoka mwaka 2002 yalionyesha kuwa asilimia 43 ya waliotumia dawa walipata polipu, dhidi ya asilimia 55 ya wasiotumia, na kitakwimu pengo hilo halikuwa na uzito. Kupunguza kilichoota ni jambo moja, kuzuia kisiote ni jingine, na anayeuza dawa kwa jina la kinga huku ushahidi wake ni wa kupunguza polipu zilizopo ameruka hatua nzima.

Kwa nini manjano

Kurkumini ndiyo inayoipa bizari ya manjano rangi yake. Kwenye bakuli la maabara huzima njia kadhaa ambazo chembe za saratani huzitumia kukua, ikiwemo kimeng'enya cha COX-2, kilekile kinacholengwa na sulindaki. Kwa panya waliopewa kemikali ya kuleta saratani ya utumbo, chakula chenye kurkumini asilimia 0.2 kilipunguza uvimbe. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1995. Kwa panya waliozaliwa na jeni ya APC iliyoharibika, asilimia 0.1 haikufanya kitu, asilimia 0.2 ilipunguza polipu kwa asilimia 39, na asilimia 0.5 ikazipunguza kwa 40. Tazama tarakimu hizo mbili za mwisho: dozi imepanda mara mbili na nusu, faida imeongezeka kwa pointi moja tu. Kuna dari, na kuzidisha dozi hakukuivunja. Tena panya hawa huota polipu zao nyingi kwenye utumbo mwembamba, ilhali binadamu huota kwenye utumbo mpana. Kurkumini inapopita utumbo mwembamba huwa bado haijavunjwavunjwa sana, kwa hiyo panya yule alikuwa kwenye nafasi nzuri kuliko mgonjwa anayemwakilisha.

Hapa hesabu za jikoni zinahitajika, kwa kuwa watu wengi huchanganya bizari na dondoo. Unga wa manjano una kurkumini na ndugu zake wa karibu kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 5; tuchukue 3. Kijiko kimoja cha chai hubeba unga wa gramu 3 hivi, sawa na miligramu 90 za kurkumini. Dozi ya wagonjwa wale 5 ilikuwa miligramu 1,440 kwa siku: gramu 48 za unga, vijiko 16. Dozi ya jaribio la 2018 ilikuwa miligramu 3,000: gramu 100 za unga kila siku, zaidi ya vijiko 30. Hakuna pilau wala maziwa ya manjano yanayofika huko. Na kidonge kilichoandikwa "manjano miligramu 500", kama ndani yake ni unga mtupu, kina miligramu 15 tu za kurkumini. Kidonge cha dondoo lililosafishwa hadi asilimia 95 kina miligramu 475. Chupa mbili zinaweza kukaa rafu moja kwa bei inayokaribiana huku kidonge cha moja kikizidi cha nyingine kwa kurkumini mara 30.

Kurkumini ina udhaifu wake pia. Kwenye maji yenye pH ya 7.2 na joto la mwili, karibu asilimia 90 huoza ndani ya nusu saa. Inayofika kwenye ukuta wa utumbo na ini hufungwa haraka na kutolewa nje, hivyo kwenye damu hupatikana kwa shida hata mtu akimeza gramu kadhaa. Kwa ugonjwa wa mapafu au titi hilo lingetosha kuifuta. Kwa utumbo, waliotetea walisema, na walikuwa na hoja: dawa isiyofyonzwa hubaki palepale penye ugonjwa. Watafiti wa Leicester, Uingereza, waliwapa wagonjwa wa saratani ya utumbo gramu 3.6 kwa siku kwa siku 7 kabla ya upasuaji, kisha wakapima nyama iliyokatwa. Walikuta nanomoli 12.7 kwa kila gramu ya nyama isiyo na saratani na 7.7 kwenye nyama ya saratani. Kiasi hicho kinakaribia kile kinachofanya kazi kwenye bakuli la maabara. Kwa hiyo lile jibu jepesi kwamba kurkumini ilishindwa kwa sababu haifyonzwi halitoshi kwa ugonjwa huu. Ilifika.

Kilichokosekana mwaka 2006

Waandishi wa taarifa ya 2006 wenyewe walisema majaribio yenye kundi la kulinganisha yanahitajika. Walioifanya kuwa ushahidi ni waliokuja baadaye. Tuipitie kasoro kubwa kwanza.

Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kwa ugonjwa mwingine hilo lingeweza kuvumilika kidogo. Kwa wagonjwa hawa haivumiliki, kwa sababu imejulikana kwa miaka mingi kwamba mgonjwa anapoondolewa utumbo mpana na utumbo mwembamba ukaunganishwa na puru, polipu zilizobaki kwenye puru huweza kunywea zenyewe bila dawa yoyote. Wanne kati ya watano walikuwa na puru ya namna hiyo. Asilimia 60 ile inaweza kuwa kazi ya kurkumini, au ya upasuaji, au ya vyote, na data haina uwezo wa kutenganisha.

Kuhesabu polipu nako si kazi ya kuhesabu maembe kwenye kapu. Nyingi zina milimita 2. Utumbo usiposafishwa vizuri, mabaki huzifunika. Daktari akiingiza kifaa sentimita chache zaidi au pungufu kuliko mara ya kwanza, idadi hubadilika. Akikata kipande kwa ajili ya maabara, polipu ndogo huondoka nzima, na kwenye hesabu inayofuata itaonekana imepona. Na anayejua kwamba mgonjwa yuko kwenye dawa anayoiamini, jicho lake hulegea bila kukusudia. Njia ya kujikinga inajulikana: eneo lilelile lipimwe kwa sentimita kutoka kwenye mkundu, pawekwe alama ya wino kwenye ukuta wa utumbo, picha zipigwe, na mhesabuji asijue nani kapewa nini.

Mwisho, viungo vilikuwa viwili. Kwesetini ya miligramu 20 ni kidogo, lakini ilikuwamo, na matokeo yakaandikwa kwa jina la kurkumini.

Katikati ya majaribio haya mawili kuna jingine la mwaka 2011 linalotajwa sana. Wavuta sigara walipewa gramu 2 au 4 kwa siku 30, wakahesabiwa vijitundu visivyo vya kawaida kwenye utando wa puru, ambavyo ni hatua ya mapema kuliko polipu. Gramu 4 zilipunguza kwa asilimia 40. Gramu 2 hazikupunguza. Kichwa cha habari kiliishia hapo. Lakini swali kuu la utafiti ule lilikuwa kama kurkumini ingeshusha prostaglandini E2, kemikali inayotengenezwa kwa msaada wa COX-2, ndani ya utando, yaani kama ile njia ya COX-2 iliyoonekana maabara inafanya kazi kwa binadamu. Haikushuka. Na humo pia hakukuwa na kidonge kisicho na dawa.

Jaribio la 2018 lilivyofanywa

Wagonjwa 44 wa Puerto Rico na Marekani bara, wenye umri kuanzia miaka 18, kila mmoja akiwa na polipu zisizopungua 5, waliandikishwa kati ya Septemba 2011 na Novemba 2016. Miaka 5 kuwapata watu 44: ndivyo ugonjwa adimu ulivyo. Kwa kura, nusu walipewa kurkumini safi miligramu 1,500 mara 2 kwa siku, nusu vidonge vilivyofanana navyo. Polipu zilihesabiwa kila baada ya miezi 4.

Mwishoni, waliotumia kidonge kisicho na dawa walikuwa na wastani wa polipu 18.6, na waliotumia kurkumini 22.6. Ukubwa ulikuwa milimita 2.1 dhidi ya 2.3. Tofauti zote mbili ziko ndani ya bahati nasibu. Waliomeza dawa walifuata dozi kwa asilimia 83, wengine asilimia 91.

Je, jaribio dogo hivi linaweza kukosa faida iliyopo? Linaweza kukosa faida ndogo. Wastani wa kundi la kurkumini ulikadiriwa kuwa kati ya 12.1 na 33.1. Kama dawa ingekuwa na nguvu ya asilimia 60 iliyodaiwa mwaka 2006, kundi hilo lingepaswa kuwa na polipu 7 au 8, chini kabisa ya mpaka huo. Kwa hiyo faida ya asilimia 10 au 15 haijakanushwa. Faida ya asilimia 60 imekanushwa, na hiyo ndiyo iliyouzwa.

Wapo wanaosema utafiti ulipaswa kutumia kurkumini iliyochanganywa na piperini ya pilipili manga, kwa kuwa miligramu 20 za piperini hupandisha kiwango cha kurkumini kwenye damu mara 20. Lakini kinachoingia kwenye damu ndicho kinachotoka kwenye utumbo, na lengo lilikuwa utumbo. Tena kufungua mlango huo kuna gharama, tutaiona chini.

Dondoo lililopita mtihani

Ingekuwa dhuluma kuishia kwa kusema mimea haina kitu. China wana berberini, chumvi chungu ya rangi ya njano inayotolewa kwenye mimea ya jamii ya Coptis na Berberis, na kwao ni dawa ya bei nafuu ya kuhara. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2020 liliandikisha watu 1,108 katika hospitali 7. Hawa hawakuwa na ugonjwa wa kurithi. Walikuwa watu waliokutwa na polipu 1 hadi 6 za aina ya adenoma, yaani zile zinazoweza kugeuka saratani, zikakatwa zote. Walipewa gramu 0.3 mara 2 kwa siku, au kidonge kisicho na dawa, kisha wakachunguzwa kwa kolonoskopia, yaani kifaa chenye kamera kinachopitishwa utumbo mpana wote, baada ya mwaka mmoja na miaka miwili. Polipu zilirudi kwa asilimia 36 ya waliotumia berberini na asilimia 47 ya wengine. Maana yake, kwa kila watu 9 hivi waliotibiwa, mmoja aliepuka polipu mpya. Madhara yaliyojitokeza zaidi yalikuwa kufunga choo, kwa mtu mmoja katika kila 100.

Tunalichukua jaribio hili kwa uzito, na bado tunaona mipaka yake: waliofanyiwa hesabu ni 896, si 1,108, waliangaliwa polipu, si saratani, na wote ni wa nchi moja. Mmea wa Berberis holstii huota kwenye milima ya Kenya na Tanzania na mizizi yake ina berberini, lakini sufuria ya mizizi iliyochemshwa haikupi gramu 0.3 zilizopimwa, leo inaweza kuwa nusu, kesho mara tatu. Mjamzito asiiguse kabisa, na mtoto mchanga asipewe: berberini huisukuma bilirubini, ile kemikali ya njano inayotokana na damu iliyochakaa, kutoka kwenye protini inayoibeba, na bilirubini hiyo huweza kuharibu ubongo wa mtoto.

Chai ya kijani ilirudia njia ya kurkumini. Jaribio la Japani la watu 136 lilishusha kurudi kwa polipu kutoka asilimia 31 hadi 15. Wajerumani wakalifanya kwa watu karibu 1,000 kwa miaka 3, na matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yakawa asilimia 51.1 dhidi ya 55.7, pengo lisilo na uzito wa kitakwimu.

Kwa anayemeza vidonge hivi sasa hivi

Ini ndilo la kuliangalia kwanza. Mwaka 2022 mtandao wa Marekani unaofuatilia maini yaliyoharibiwa na dawa ulieleza wagonjwa 10 walioumia kwa vidonge vya manjano. Watano walilazwa, mmoja akafa kwa ini kushindwa kazi. Saba kati ya hao 10 walikuwa na aina moja ya jeni ya kinga, HLA-B*35:01, na kati ya bidhaa 7 zilizopimwa, 3 zilikuwa na piperini. Mtu hawezi kujua jeni yake kwa kujitazama, kwa hiyo mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, macho yakigeuka njano au mwili ukiwasha, acha vidonge siku hiyohiyo na upimwe ini. Manjano ya kwenye mchuzi haimo kwenye onyo hili.

Mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo asitumie dondoo, kwa sababu kurkumini hukikaza kifuko na huenda jiwe likaziba njia. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kabla ya kuanza. Kurkumini hushika madini ya chuma, na mwenye polipu zinazovuja damu huenda tayari ana upungufu wa chuma. Unga wenyewe nao uchunguzwe: huko Bangladesh watafiti waliokuwa wakitafuta chanzo cha madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye damu za wajawazito waliikuta kwenye manjano iliyong'arishwa kwa kromati ya risasi, wakachapisha mwaka 2019. Ukiweza, nunua mzizi mzima ukausage mwenyewe, na uogope unga wenye njano kali isiyo ya kawaida.

Kwa familia yenye ugonjwa wa APC, kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Uchunguzi huanza akiwa na miaka 10 hadi 12 na kurudiwa kila mwaka mmoja au miwili. Pasipo na kipimo cha jeni, kuanza kwa kuangalia puru na sehemu ya chini ya utumbo mpana kwa kifaa kifupi kunafaa, maana polipu za ugonjwa huu kwa kawaida huonekana huko. Zikionekana, kolonoskopia kamili hufuata na mazungumzo ya upasuaji huanza. Mgonjwa aliyekwisha kukatwa utumbo mpana naye arudi kuchunguzwa puru maisha yake yote, awe anameza manjano au hamezi.